Hilux: difu ya nyuma inavuma nikiachia mafuta, tangu ibadilishwe sili ya pinioni

Tegeta_Pikapu

Wakuu habari za leo. Naomba mwenye uelewa wa difu (seti ya gia katikati ya ekseli) anisaidie kabla sijatoa hela ya difu nzima.

Gari ni Toyota Hilux dabo kebini ya 2003, dizeli, gia za manyo, 4x4 ya kuingiza kwa mkono, difu ya nyuma ya kawaida isiyo na loki. Matairi ni 205R16. Inabeba vigae na saruji kutoka Tegeta kwenda Chanika, na mzigo mara nyingine unazidi tani.

Sili ya pinioni (gia ndogo inayoingiza nguvu kwenye difu) ilikuwa inavujisha, ikabadilishwa gereji. Tangu hapo, nikiwa 60 hadi 80 kwenye Bagamoyo Road na nimekanyaga mafuta, mlio ni mdogo. Nikiondoa tu mguu inavuma "uuuuu" mpaka mwendo ushuke chini ya 50. Nikikata kona haubadiliki. Nikitoka rivasi kuingia namba moja kuna kishindo kimoja, "tak".

Fundi aliyeweka sili anasema krauni (gia kubwa inayozungushwa na pinioni) imekwisha, nitafute difu ya mtumba kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Kariakoo. Mwingine anashauri niweke oili nzito ya 140, mlio utapotea. Nianzie wapi?

---

FundiIlala

Mkuu, difu usinunue kwanza. Maelezo yako yanaelekeza sehemu moja, na sehemu hiyo siyo krauni.

Ukikanyaga mafuta, meno yanaisukuma pinioni mbele kuelekea kwenye propela (shafti ndefu inayotoka giaboksi), na msukumo huo unabebwa na beringi kubwa ya ndani, ile iliyo jirani na kichwa cha pinioni. Ukiachia mafuta, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Meno yanagusana kwa upande wa pili, na pinioni inavutwa ndani kuelekea krauni. Anayeizuia sasa ni beringi ndogo ya nje, iliyo nyuma tu ya sili uliyobadilishiwa. Mvumo wa kuachia mafuta, ulioanza baada ya nati ya pinioni kufunguliwa, unatia shaka nati hiyo kabla ya kitu kingine chochote: haikurudishwa kwenye mkazo wake.

Sasa thibitisha. Tafuta lami iliyonyooka alfajiri, magari yakiwa machache. Panda hadi 80, shikilia mwendo kwa mafuta kidogo, halafu achia. Rudia, lakini safari hii ukifika 80 kanyaga klachi, weka frii, gari liserereke lenyewe. Matairi na beringi za magurudumu hazijali kama injini inavuta au haivuti, kwa hiyo zitaendelea kulia vilevile. Mlio wa pinioni utabadilika sana kwa sababu mzigo kwenye meno umeondoka.

Matairi yanajitambulisha yenyewe: ukitoka lami ya kokoto kubwa ukaingia lami laini, mlio wake unabadilika. Difu haijui lami. Beringi ya gurudumu nayo itafute kwa kuyumbisha gari taratibu kushoto na kulia ukiwa 50. Ukielekea kushoto uzito unahamia kulia, na beringi mbovu ya kulia itapaza sauti. Umesema kona hazibadilishi kitu, kwa hiyo beringi za magurudumu siziwazii sana, na gia ndogo za ndani ya difu vilevile, maana hizo hufanya kazi hasa gari likiwa kwenye kona.

Kuna hesabu inayosaidia kutofautisha milio. Tairi la 205R16 linatembea takriban mita 2.3 kwa mzunguko mmoja. Ukiwa 60, gurudumu linazunguka kama mara 7 kwa sekunde. Kama difu yako ni ya 4.3, yaani krauni meno 43 na pinioni meno 10, pinioni inazunguka mara 31 kwa sekunde hiyohiyo, na meno yanayogusana ni zaidi ya 300. Ndiyo maana jino la krauni lililovunjika linagonga kwa mpigo unaoweza kuuhesabu ukienda mwendo wa mguu, beringi ya pinioni iliyochoka inanguruma, na meno yaliyokaa vibaya yanatoa sauti moja ndefu inayopanda na kushuka na mwendo.

---

GiaNaShafti

FundiIlala kamaliza ya barabarani, mimi naongezea ya uvunguni.

Egesha pa tambarare, weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, piga jeki, kisha weka stendi mbili chini ya ekseli yenyewe. Usiziweke chini ya chesisi. Ekseli ikining'inia, pembe ya propela inabadilika, utasikia mitikisiko ambayo barabarani haipo. Magurudumu yote mawili ya nyuma yawe hewani. Likiwa moja tu hewani na ukaingiza gia, gia ndogo za difu zinazunguka kwa kasi kubwa isiyo ya kawaida, na lile lililo chini linaweza kuishika ardhi na kulirusha gari kutoka kwenye jeki. Na mtu asiwe uvunguni injini ikizungusha magurudumu.

Injini ikiwa imezimwa, gia frii, hendibreki chini, shika flenji ya pinioni (bati linalofungiwa propela) kwa mikono miwili. Kuizungusha kidogo huku na huku ni halali, hiyo ni plei ya meno. Sasa isukume na kuivuta mbele-nyuma, kisha juu-chini. Hapa jibu sahihi ni sifuri. Ikitembea hata kwa kuhisi tu kidoleni, beringi za pinioni hazina mkazo.

Ukiwa hapohapo kagua krosi za propela (viungo vyake vinavyopinda). Shika pande zote mbili za krosi na uzipinde kinyume. Vumbi jekundu la kutu kwenye vikombe vyake maana yake grisi imekwisha ndani, na krosi ya namna hiyo inatoa "tak" kama unayoisema. Umesema mzigo unazidi tani: kama springi za nyuma zimeongezwa majani ili kubeba, pembe ya pinioni imebadilika na krosi zinachoka mapema. Litazame hilo pia.

Halafu mwaga oili. Fungua boliti ya kujazia kwanza, ya kumwagia baadaye. Ya juu ikigoma kufunguka baada ya oili kutoka, gari limelala hapo. Hilux nyingi za umri huo zinachukua spana ya 24. Mwaga ikiwa ya moto, kwenye beseni safi, na pima kiasi kilichotoka. Uji mwembamba wa kijivu kwenye sumaku ya boliti ni wa kawaida. Magamba yanayong'aa ni uso wa beringi unaomomonyoka. Kipande chenye kona kali ni jino. Oili yenye rangi ya maziwa imeingia maji.

Kuhusu 140: achana nayo. Utando mzito wa oili unapunguza sauti na chuma kinaendelea kuliwa chini yake. Meno ya difu hii hayabingirishani tu, yanasuguana kwa kuteleza, kwa sababu pinioni imekaa chini ya katikati ya krauni. Kinachoyalinda ni dawa za kuhimili mgandamizo zilizomo kwenye oili ya daraja la GL-5. Kwa joto la Dar tumia 80W-90 au 85W-90 ya GL-5. Oili ya GL-4 iliyobaki kwenye giaboksi isiingie humo.

---

Tegeta_Pikapu

Asanteni sana wakuu. Nimefanya yote.

Kwenye frii mvumo unapungua karibu wote. Lami laini na lami mbovu ni uleule. Krosi ziko imara. Flenji ya pinioni inatembea mbele-nyuma, naiona kwa macho kabisa, na nikiizungusha ndipo ile "tak" inapotokea. Oili imetoka kama lita moja na nusu, nyeusi, harufu ya kuungua. Kwenye sumaku kuna uji wa kijivu na magamba machache yanayong'aa, membamba, madogo kuliko punje ya mchele. Kipande cha jino sijakiona. Nati ya pinioni ina makovu ya patasi kuizunguka.

---

KigamboniDizeli

Kama flenji inacheza tu, kwa nini asinunue nati mpya akaikaza, akajaza oili, akaendelea na kazi? Kushusha kichwa cha difu (nyumba yenye krauni na pinioni) ni gharama.

---

FundiIlala

KigamboniDizeli, swali lako ni la haki, na zipo hali ambazo kukaza kunatosha: nati imelegea kidogo, gari halijatembea nayo, oili imetoka safi. Hapa kuna magamba. Uso wa beringi ukishaanza kumomonyoka haurudi, ukiukaza unaubana zaidi na unamomonyoka kwa kasi zaidi. Tena oili ilikuwa pungufu. Difu za Hilux nyingi zinachukua kati ya lita 2 na 3 kutegemea modeli, na kujaa kwake ni oili kufika mdomo wa tundu la kujazia. Oili ikishuka, inayoumia kwanza ni beringi ya nje ya pinioni, kwa sababu iko mbele na juu, inategemea oili inayorushwa na krauni.

Kuna la pili. Katikati ya beringi mbili za pinioni kuna spesa ya kubonyea, bomba jembamba linalojikunja kadiri nati inavyokazwa. Ndiyo inayoweka mkazo wa beringi. Ikishabonyea haitanuki. Aliyepita kiasi akilegeza nati ili "arudishe", ameacha beringi zinaelea. Anayekaza kwa bunduki ya upepo anapita kiasi ndani ya nusu sekunde, beringi zinabanwa, pua ya difu (sehemu ya mbele yenye pinioni) inachemka, na mlio unakuja kwa njia nyingine. Ukirudi safarini ukakuta pua ya difu haishikiki lakini sehemu nyingine ya ekseli ni vuguvugu, mkazo umezidi. Wewe Tegeta_Pikapu una tatizo la upande wa pili, umelegea.

Kwa hiyo kazi yako ni hii: beringi mbili za pinioni pamoja na vikombe vyake, spesa mpya, sili mpya, nati mpya. Beringi za pembeni (zinazoibeba krauni) zikaguliwe, zikiwa na alama zibadilishwe wakati huohuo. Chukua beringi za Koyo, NTN au NSK kwenye duka unaloliamini. Kisanduku kinaigwa, kwa hiyo iangalie beringi yenyewe: maandishi yaliyochongwa vizuri kwenye chuma, roli zisizo na mikwaruzo. Usikubali kuwekewa roli mpya kwenye kikombe cha zamani. Kikombe cha nje kinatolewa kwa kugongwa kutoka ndani, ndiyo sababu kichwa lazima kishuke.

Kukishusha: toa magurudumu na ngoma, fungua bomba la breki na kebo ya hendibreki, fungua nati nne nyuma ya bati la breki kila upande, vuta shafti za ekseli nje hadi ziachane na difu. Zitegemeze zisiburuze kwenye sili zake, la sivyo oili itakuja kwenye brekishuu. Propela ipige alama ya rangi kwenye flenji zote mbili kabla ya kufungua boliti zake nne, irudi ilivyokuwa. Kichwa chenyewe kina zaidi ya kilo 30, weka jeki chini yake.

Kikiwa mezani, kabla hujafungua chochote, pima plei ya meno kwa dayali geji (kipimo chenye uso kama wa saa) na uiandike. Kwa difu ya inchi 8 (kipenyo cha krauni) inatakiwa kuwa milimita 0.13 hadi 0.18. Piga alama kofia za beringi za pembeni, kushoto na kulia, hazibadilishani. Nati za kurekebishia za pembeni nazo zipige alama zilipokuwa.

Shimu (pete nyembamba ya kupangia nafasi) iliyo kati ya kichwa cha pinioni na beringi ya ndani ndiyo inayoamua pinioni iingie ndani kiasi gani. Kwa kuwa krauni na pinioni ni zilezile, anza na shimu ileile. Unganisha kwanza bila spesa na bila sili, kaza nati kidogokidogo sana mpaka mkazo upatikane, weka krauni, paka rangi nyembamba ya kukagulia kwenye meno matatu au manne, sehemu tatu tofauti za krauni, kisha zungusha pande zote mbili huku mtu anazuia kidogo. Alama ikae katikati ya jino. Ikikaa juu kwenye ncha na kuelekea upande mpana wa jino, pinioni iko mbali, weka shimu nene zaidi. Ikizama kwenye shina na kuelekea upande mwembamba, pinioni imeingia mno, weka nyembamba. Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi. Wanaweka beringi, wanafunga, wanajaza oili, halafu gari linarudi likiimba.

Alama ikikubali, fungua, weka spesa mpya na sili, kisha kaza. Flenji izuiwe kwa chuma kirefu chenye matundu ya boliti zake, nati ikazwe kwa mpini mrefu. Spesa itagoma sana mwanzoni, kisha ianze kubonyea. Kuanzia hapo kaza kidogo sana, zungusha pinioni mizunguko kadhaa beringi zikae, pima, kaza tena.

Kipimo cha nguvu ya kuizungusha pinioni kwa beringi mpya ni kilo-sentimita 19 hadi 26, yaani nyutonimita (Nm) 1.9 hadi 2.5. Kwa beringi za zamani zinazorudishwa ni nusu yake, 9 hadi 13. Kama huna spana ndogo ya toki (inayosoma nguvu ya kuzungusha), tumia mzani wa kuning'iniza wa springi. Zungushia kamba kwenye flenji, vuta kwa mzani, soma pale pinioni inapoanza kuzunguka. Kama kamba imekaa sentimita 5 kutoka katikati, gawanya kwa 5: unatafuta kilo 3.8 hadi 5.2. Ukipita, spesa hiyo imekwisha, weka nyingine. Nunua mbili mapema.

Mwisho krauni inarudi, nati za pembeni zinarekebishwa. Ukilegeza upande mmoja kishimo kimoja, kaza upande wa pili kishimo kimoja, mkazo usipotee. Plei irudi 0.13 hadi 0.18, na mkazo wa jumla uzidi ule wa pinioni peke yake kwa Nm 0.4 hadi 0.6. Pima plei sehemu kadhaa za mzunguko. Ikitofautiana sana, krauni haijakaa sawa kwenye kitako chake, tafuta uchafu au kovu chini yake.

---

SpeaZaJapani

Nakubaliana na FundiIlala, lakini akifungua akakuta meno ya krauni yana mashimo au yamechubuka, hapo difu ya mtumba au seti mpya ni lazima. Krauni na pinioni husagwa pamoja kiwandani, zinauzwa kama jozi. Usichanganye krauni ya hii na pinioni ya ile.

Ukienda Gerezani nenda na hesabu ya meno yako. Gari lako ni 4x4, uwiano wa nyuma lazima ulingane na wa mbele. 4.1 na 4.3 kwa macho ni kitu kimoja, lakini ukiingiza 4x4 kwenye lami kavu mfumo mzima unajibana mpaka kitu kivunjike. Kibati cha modeli kina msimbo wa ekseli, kipige picha, ila hesabu meno hata hivyo, maana huenda difu yako ilishabadilishwa huko nyuma.

Pale dukani shika flenji, vuta na sukuma, isitembee. Izungushe taratibu sana: ikikwaruza au ikikwama sehemu moja, iache. Tazama meno yote kwa tochi, upande wa kuvuta na upande wa kuachia. Rangi ya bluu kwenye meno maana yake iliwahi kuungua bila oili. Kutu kwenye roli za beringi za pembeni, hata kidogo, nayo ni mbaya, maana vichwa vingi hukaa muda mrefu bila oili. Na kabla ya kuifunga, ifanyie vipimo vilevile alivyoeleza FundiIlala. Difu ya mtumba iliyofungwa bila kupimwa ni bahati nasibu.

---

Tegeta_Pikapu

Nimewaelewa vizuri. Nitaishusha, na vipimo nitavisimamia mwenyewe mezani. Mawili ya mwisho: baada ya kufunga naweza kupakia saruji siku hiyohiyo? Na kwa nini sili ya mwanzo ilivuja wakati gari halikuwa na mlio?

---

GiaNaShafti

La pili kwanza. Fungua briza, kile kifuniko kidogo juu ya ekseli. Difu ikipata joto, hewa ndani yake inatanuka na inatakiwa kutokea hapo. Briza ikiziba kwa tope, hewa inatafuta njia kwenye sili, kwanza ya pinioni, kisha za ekseli. Inafanya kibaya kingine pia: ukipita kwenye maji difu ikiwa ya moto, kama kwenye bonde la Jangwani mvua ikijaa, ekseli inapoa ghafla, hewa ndani inasinyaa, na maji yanavutwa kupitia midomo ya sili. Isafishe kwa dizeli mpaka kifuniko kizunguke na kupanda kwa uhuru, au iwekee mpira mrefu mdomo wake ukakae juu karibu na bodi. Kagua pia flenji inapogusana na sili. Ikiwa na mfereji unaokwama ukucha, sili mpya itavuja tena, badilisha flenji au sogeza sili ikae kidogo pembeni ya mfereji.

Kupakia: usipakie siku hiyo. Jaza GL-5 mpaka idondoke kwenye tundu la kujazia gari likiwa sawasawa, kaza boliti zote mbili kwa Nm 49 zikiwa na washa (pete za kuzibia) mpya. Toa hewa kwenye breki kwa sababu bomba lilifunguliwa. Tembea dakika 15 hadi 20 bila mzigo, ukikanyaga na kuachia kwa upole, kisha simama. Shika pua ya difu: joto la kawaida linavumilika, lisiloshikika linakurudisha mezani. Halafu iache ipoe kabisa. Kilomita 500 za kwanza beba nusu mzigo. Ukifika kama 1,000 mwaga oili hiyo, angalia sumaku. Uji mwembamba wa kijivu utaukuta. Ukikuta gamba hata moja linalong'aa, usijaze oili mpya mpaka ujue limetoka kwenye beringi ipi.